Umeme ukikatika nyumbani: Hatua za kufuata kabla ya kumwita fundi

Na Mwandishi Wetu, Mafinga

MJI wa Mafinga, makao makuu ya Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, unafahamika nchini kwa nguzo za umeme zinazotokana na misitu yake. Hata hivyo, nguzo imara na laini nzuri havimsaidii mwenye nyumba asiyejua la kufanya pale giza linapoingia ndani mwake huku kwa jirani taa zikiwaka.

Katika mji huu ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, miezi ya Juni hadi Agosti huwa ya baridi kali, na ndipo hita, mabirika ya umeme na pasi hufanya kazi kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo, ni vema kila familia ikajua hitilafu ipi inaweza kuishughulikia yenyewe na ipi ni ya fundi.

Hatua ya kwanza ni kutazama nje. Ikiwa mtaa mzima uko gizani, tatizo ni la laini, na kazi hiyo ni ya Tanesco. Ikiwa giza ni la nyumba yako tu, tazama mita ya Luku. Uniti zikiisha, mita hukata umeme yenyewe. Kwa nyumba iliyokaa muda mrefu bila mtu, kumbuka kuwa mita ambayo haikuboreshwa mfumo wake kabla ya Novemba 24, 2024 haipokei tokeni mpya hadi iingizwe kwanza namba za kuiboresha. Kwa vyovyote vile, usivunje lakiri wala kuifungua mita, kwani kufanya hivyo ni kosa la jinai.

Mita ikiwa na uniti, nenda kwenye swichi kuu, ambayo mafundi huiita meni swichi. Hakikisha mikono na sakafu ni vikavu. Ukikuta breka imejikata, irudishe mara moja tu. Ikijikata tena, usishindane nayo. Breka hujikata kwa sababu mbili kubwa: mzigo umezidi uwezo wa nyaya, au kuna shoti.

Kumtafuta mkosaji ni kazi ya dakika chache. Zima breka zote, chomoa vifaa vyote kwenye soketi, kisha washa swichi kuu. Washa breka moja baada ya nyingine. Ikiwa mojawapo inajikata ilhali hakuna kifaa kilichochomekwa, hitilafu iko kwenye nyaya za ukutani, soketi au taa. Iache imezimwa na umwite fundi. Ikiwa zote zinatulia, chomeka vifaa kimoja kimoja. Kile kitakachoikata breka ndicho kibovu.

Utaratibu huo huo hutumika kwa breka maalumu inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini. Breka hiyo, ambayo kwa kawaida huwekwa ikate umeme uvujao ukifikia miliampia 30, ndiyo inayookoa maisha ya anayeguswa na umeme. Ina kitufe chenye herufi T, ambacho inashauriwa kukibonyeza mara kwa mara. Isipojikata kinapobonyezwa, ni mbovu.

Suala la mzigo halihitaji elimu kubwa. Gawanya wati za kifaa kwa volti 230 za umeme wetu, utapata ampia. Hita ya wati 2,000, birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 hufanya jumla ya wati 5,000, yaani karibu ampia 22. Ekstensheni ya kawaida ya ampia 13 hubeba takribani wati 3,000 tu. Ukivichomeka vyote humo kwa pamoja, waya hupata moto, plastiki huyeyuka na nyumba inaweza kuteketea.

Kifaa kimoja kisipowaka, kijaribu kwenye soketi nyingine. Kisha tazama fyuzi iliyo ndani ya plagi na uibadilishe kwa nyingine ya ampia zile zile. Tabia ya kuziba nafasi ya fyuzi kwa kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara ni hatari kubwa, kwa kuwa huondoa mlinzi na kuuacha moto bila kizuizi.

Zipo dalili ambazo hazina mjadala. Taa zikififia na nyingine kuwaka kupita kiasi, huenda waya wa nyutro umeachia, na volti zinaweza kupanda kiasi cha kuunguza friji na televisheni. Zima swichi kuu na utoe taarifa Tanesco. Soketi yenye joto, harufu ya kuungua, au bomba na friji vinavyopiga shoti vinahitaji fundi mwenye leseni ya Ewura. Usitegemee rangi za nyaya pekee, kwani nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi, mpya zina kahawia na bluu, na zilizokarabatiwa huwa na mchanganyiko.

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Zima swichi kuu kwanza; isipowezekana, mtenge na waya kwa kutumia mti mkavu, kisha umkimbize hospitali. Moto wa umeme haumwagiwi maji. Kata umeme, tumia mchanga mkavu au kizimamoto cha unga, na upige simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Ni vema kila mwanafamilia, pamoja na msaidizi wa nyumbani, akaonyeshwa leo mahali swichi kuu ilipo na namna ya kuizima. Siku ya ajali hakutakuwa na muda wa kuelekezana.