Kutoka Uwanja wa Klabu hadi Meza ya Pool: Historia ya Nyumba za Michezo Kibera na Kawangware

Historia ya michezo ya burudani katika upande wa magharibi wa Nairobi ni, kwa sehemu kubwa, historia ya nafasi: mchezo unahitaji ardhi kiasi gani, ardhi hiyo ni ya nani, na ni nani anayeikanyaga kama mchezaji na nani anayeikanyaga kama mtumishi. Jambo hili hudhihirika upesi mtu anapoupima mchezo wa bolingi, ambao mchezaji wake huviringisha tufe zito juu ya njia laini ya mbao ili aangushe vigingi kumi vilivyosimamishwa kwa umbo la pembetatu. Kuanzia mstari ambao mchezaji haruhusiwi kuuvuka hadi kigingi cha mbele kuna zaidi kidogo ya mita 18, na kwa umbali huo huongezwa karibu mita tano za kuchukulia hatua, pamoja na nafasi ya mashine inayosimamisha upya vigingi vilivyoanguka. Chumba cha kawaida cha kupanga katika mitaa ya Kibera na Kawangware kina futi kumi kwa kumi, yaani takriban mita tatu kila upande, kwa hiyo njia moja tu ya bolingi ingemeza vyumba visivyopungua vinane vilivyofuatana, na pamoja navyo kodi ya familia nane kila mwezi. Hesabu hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini mchezo uliotia mizizi katika mitaa hii ukawa pool, mchezo wa meza, na kwa nini michezo yenye kuhitaji ardhi pana ilibaki upande wa pili wa ua.

Michezo hiyo ya ardhi pana ililetwa na wakoloni, nayo ilikuja pamoja na taasisi iliyoitwa klabu, yaani jumuiya ya wanachama wenye ada, kanuni za mavazi na haki ya kumkataa wasiyemtaka. Nairobi Club ilianzishwa mwaka 1901, mji wenyewe ukiwa na umri wa miaka miwili tu tangu reli ifike, na miongoni mwa michezo iliyopata makao humo ni ule wa matufe ya nyasini, ndugu mkongwe wa bolingi, ambao wachezaji wake huviringisha matufe kwenye nyasi zilizokatwa hadi chini ili yakaribie tufe dogo jeupe. Mwaka 1906 ilianzishwa klabu ya gofu ambayo katika miaka ya 1930 ilipewa hadhi ya kifalme ikaitwa Royal Nairobi Golf Club, na mwaka 1954 ulifunguliwa uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Uwanja huo wa gofu na huo wa farasi vyote viwili viko kando ya Ngong Road, vikipakana au kukaribiana na Kibera, kiasi kwamba mtaa uliokuja kuwa na msongamano mkubwa kuliko karibu yote jijini ulikulia pembeni mwa baadhi ya maeneo mapana kabisa ya nyasi za starehe.

Ujirani huo una asili yake. Kibera ilianza kukaliwa na Wanubi, yaani wanajeshi wenye asili ya Sudan waliotumikia kikosi cha King's African Rifles pamoja na familia zao, ambao waliruhusiwa kuishi katika msitu uliokuwapo hapo tangu mwaka 1904, kabla ya serikali kuutangaza rasmi mwaka 1918 kuwa eneo la kijeshi lenye ekari 4,197. Jeshi liliendelea kulisimamia eneo hilo hadi mwaka 1928, na baada ya hapo wakuu wa serikali ya kiraia waliwahesabu wakazi wake kuwa wapangaji kwa hisani ya Taji la Uingereza, watu wasio na hati wala haki ya kudumu. Haki hiyo ilichelewa mno, kwa maana ni mwaka 2017 tu ambapo jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288, sehemu ndogo ya ardhi ya awali. Kawangware ilipitia njia tofauti, kwa kuwa Dagoretti, eneo ambalo mtaa huo umo, lilikuwa ardhi ya koo na familia za Wakikuyu kabla ya mipaka ya jiji kupanuliwa wakati wa uhuru, na wenye mashamba waligundua kwamba safu ya vyumba vya mabati vya kupangisha huzaa zaidi kuliko mahindi. Hivyo Kibera ilikosa uwanja wa michezo kwa sababu ardhi yake ilikuwa ya serikali isiyotaka kuitambua, ilhali Kawangware iliukosa kwa sababu ardhi yake ilikuwa ya watu binafsi ambao kila futi kwao ilikuwa kodi.

Kwa muda mrefu, basi, mkazi wa mitaa hii alikutana na michezo ya klabu kupitia kazi. Vijana wa Kibera walibeba mifuko ya fimbo za gofu, wakatafuta mipira iliyopotea vichakani na kukata nyasi ambazo hawakuruhusiwa kuchezea, kwa maana kabla ya miaka ya mwisho ya ukoloni klabu za Wazungu hazikupokea wanachama Waafrika. Hali kama hiyo ilikuwapo Marekani katika kumbi za bolingi, ambako kabla ya mashine kubuniwa vigingi vilisimamishwa kwa mkono na wavulana walioketi nyuma ya njia hadi usiku wa manane, wakikwepa matufe na kulipwa senti chache, na picha alizowapiga Lewis Hine mwanzoni mwa karne ya 20 zilitumiwa katika kampeni ya kupinga ajira ya watoto. Shirikisho la mchezo huo nchini humo, American Bowling Congress, lililoundwa mwaka 1895, liliendelea kuwafungia milango watu weusi hadi mwaka 1950. Hatima za kazi hizo mbili zilitofautiana, kwa kuwa mashine ya kusimamisha vigingi iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1950 iliwaondoa wavulana wa bolingi kazini, ilhali mbeba mifuko ya gofu hakupata mashine ya kumwondoa, na baadhi ya wachezaji wa kulipwa wa gofu nchini Kenya walianza mchezo huo kwa kuwabebea wengine.

Waafrika wa Nairobi hawakukosa kabisa kumbi za burudani, ila zilijengwa mbali na magharibi ya mji. Halmashauri ya mji iliweka kilabu cha pombe ya kienyeji na ukumbi wa kijamii Pumwani, na katika miaka ya 1940 ikajenga Kaloleni pamoja na ukumbi wake, mahali palipotumika kwa dansi, ndondi na mikutano ya siasa. Kumbi hizo ziliambatana na nyumba za halmashauri za Eastlands, upande wa mashariki wa mji, na kwa kuwa Kibera haikuwa mtaa wa halmashauri, wakazi wake walijitengenezea starehe zao: ngoma ya doluka katika arusi za Wanubi, pombe kali iliyotengenezwa na wanawake na kujulikana mji mzima kwa jina la Nubian gin, pamoja na karata, ajua (mchezo wa bao) na drafti, ambayo bao lake lilichorwa kwenye ubao na kete zake zikawa vizibo vya chupa. Michezo hii ina sifa moja kubwa, nayo ni kwamba vifaa vyake hubebwa kwa mkono mmoja, hivyo haidai chumba wala kibali.

Chumba cha michezo chenye kiingilio kilikuja na kanda ya video. Kuanzia miaka ya 1980, na zaidi katika miaka ya 1990, mtu aliyekuwa na televisheni, mashine ya kanda na mabenchi machache aliweza kugeuza kibanda cha mabati kuwa sinema, akiwatoza watoto na vijana pesa kidogo kuona filamu za kung fu na za Kihindi, na baadaye mechi za Ligi Kuu ya Uingereza zilizopokelewa kwa dishi la setilaiti. Utamaduni huo ndio uliomlea na kumtukuza DJ Afro, mfasiri anayezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng huku akizitania, hata watazamaji wengi wakaja zaidi kwa sauti yake kuliko kwa mwigizaji. Kibanda cha video kilithibitisha kwamba umaskini wa mteja haukuzuia biashara ya burudani, mradi bei igawanywe vipande vidogo na chumba kisiwe kikubwa.

Meza ya pool ilikamilisha hesabu hiyo. Pool ni tawi la biliadi linalochezwa kwa mipira kumi na mitano, saba ya rangi kamili, saba ya mistari na mmoja mweusi, ambapo kila mchezaji hutumbukiza kundi lake kwenye mifuko sita kabla ya kuutumbukiza huo mweusi wenye nambari nane. Meza iliyoenea katika baa na vibanda vya Nairobi ni ile ndogo ya sarafu, yenye urefu wa karibu mita mbili, na umaarufu wake una sababu za kiufundi ambazo aghalabu husahauliwa. Sarafu inaposukumwa ndani huiachia mipira yote kwa uzito wake yenyewe kupitia mifereji iliyoinama chini ya meza, na kila mpira kati ya hiyo kumi na mitano unaoingia mfukoni hufungiwa humo hadi sarafu nyingine ilipwe, kwa hiyo meza hujilinda dhidi ya mchezo wa bure bila msimamizi na hufanya kazi bila umeme, jambo lenye thamani katika mitaa ambako stima hupotea mara kwa mara. Mara nyingi mwenye meza si mwenye chumba, bali huileta, hukitunza kitambaa chake na kugawana mapato na mwenye baa, mpango unaomwezesha mfanyabiashara mmoja kuwa na meza katika vichochoro kadhaa. Kwa desturi anayeshinda hubaki mezani na anayeshindwa hulipa, kanuni inayomfanya mchezaji hodari acheze jioni nzima kwa gharama ndogo na kuwaweka watazamaji karibu, kila mmoja akisubiri zamu yake.

Serikali iliutazama mchezo huu kwa shaka ileile iliyokuwa nayo kuhusu ulevi na kamari. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, iliyopewa na wananchi jina la mbunge aliyeipendekeza, John Mututho, ilizibana baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, na meza zilizokuwa ndani ya baa zikafungwa kwa saa hizohizo. Wazazi na machifu walilalamika kwamba meza za vibandani ziliwatoa wavulana shuleni, malalamiko yaliyozidi pale mashine za kamari za sarafu zilipoenea mitaani na kuwindwa na serikali, na pale kampuni za kubashiri matokeo ya michezo zilipohamisha dau kutoka mezani hadi kwenye simu, hata mwaka 2019 serikali ikakataa kuhuisha leseni za kampuni 27. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulizifunga baa kwa takriban miezi sita. Inafaa pia kukumbuka kwamba meza ya pool ilikuwa, na kwa kiasi kikubwa imebaki, nafasi ya wanaume, na kwamba wanawake wa mitaa hiyo walikutana zaidi katika vyama vya akiba, makanisa na saluni.

Bolingi yenyewe ilipata makao katika Village Market, jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 1995 Gigiri, karibu na ofisi za Umoja wa Mataifa, upande wa jiji ambao kutoka Kawangware au Kibera hufikiwa kwa kubadilisha matatu. Ukumbi huo ulikuja wakati mchezo huo ulikuwa ukipoteza sura yake ya zamani huko kwao Marekani. Mwanazuoni Robert Putnam, katika kitabu Bowling Alone cha mwaka 2000, alionyesha kwamba kati ya mwaka 1980 na 1993 idadi ya Wamarekani waliocheza bolingi iliongezeka kwa asilimia 10 ilhali idadi ya waliocheza katika ligi ilishuka kwa asilimia 40, akaliona hilo kuwa dalili ya kulegea kwa mafungamano ya kijamii. Jijini Nairobi ukumbi wa bolingi ulianza moja kwa moja katika hatua hiyo ya kucheza nje ya ligi, ukiwa mahali ambapo familia au wafanyakazi wa ofisi moja hulipia muda wao na kuondoka bila kucheza na wageni, wakati meza ya pool ya Kibera, kwa kanuni yake ya mshindi kubaki, humlazimisha kila anayeingia kucheza na asiyemjua.

Tofauti hiyo isitafsiriwe kuwa sifa ya umaskini. Mwezi Julai 2018, tingatinga zilipobomoa maelfu ya nyumba za Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata Road, shule na biashara zilizokuwa njiani zilikwenda pamoja na nyumba, na hakukuwa na katiba ya klabu wala hati ya ardhi ya kuzitetea, huku nyasi za gofu zikibaki zilipo. Mkazi wa mtaa amepata, katika karne moja, haki ya kuwa mchezaji, lakini hajapata haki juu ya ardhi anayochezea, na maadamu hali ni hiyo michezo itakayostawi Kibera na Kawangware itakuwa ile inayoweza kupakiwa kwenye mkokoteni na kuhamishiwa kichochoro kingine.