Saa ya Mchezo

Katika miji ya Marekani yenye vyuo vikuu, Jumamosi za majira ya majani kupukutika, yaani tangu Septemba hata Novemba, hazifanani na siku nyingine. Barabara hujaa magari toka alfajiri, na wazee kwa watoto huvaa rangi moja kana kwamba ukoo mzima umealikwa arusini. Waendako ni kutazama mpira wa vyuo. Mpira huo si huu tuuchezao sisi. Umechongoka ncha mbili, hushikwa kwa mikono, na mwenye kuuchukua hukimbia nao huku wenziwe wakimkinga na wapinzani wakijaribu kumwangusha. Lakini nia yetu hapa si kueleza kanuni zake. Twataka kuuliza swali moja, dogo kwa sura na kubwa kwa maana: saa ya kuanza mchezo ni mali ya nani?

Hapo mwanzo saa ilikuwa ya jua. Mchezo wa kwanza kati ya vyuo ulifanyika tarehe 6 Novemba 1869 katika mji wa New Brunswick, jimbo la New Jersey. Chuo cha Rutgers kilikishinda chuo cha Princeton kwa mabao 6 kwa 4, kila upande ukiwa na wachezaji 25. Vijana wa Rutgers walijifunga vitambaa vyekundu kichwani ili watambuane, na toka siku zile rangi ya chuo imekuwa kama bendera. Mwaka 1892, katika mji wa Mansfield, jimbo la Pennsylvania, watu walijaribu kucheza usiku kwa taa za umeme. Mwanga haukutosha, na mchezo ukakomeshwa nusu yake. Jua likaendelea kutawala.

Waliofanikiwa kuibadili saa walikuwa na sababu njema. Chuo kikuu cha Louisiana kilianza kucheza usiku mwaka 1931. Joto la mchana katika nchi ile ya mabwawa ni kali mno, vyuo jirani vilikuwa vikicheza mchana uleule, na tena watu wengi zaidi waliweza kufika baada ya kazi. Hapo saa ilichaguliwa kwa ajili ya watazamaji. Hata leo wenyeji wa Louisiana huuhesabu usiku wa Jumamosi kuwa ni urithi wao.

Kwa kuwa saa ilijulikana, mila zilipata mahali pa kukaa. Kubwa kuliko zote ni karamu kabla ya mchezo. Zamani watu walishusha ubao wa nyuma wa gari, wakauweka chakula, na walio karibu wakakaribishwa. Siku hizi huko Oxford, jimbo la Mississippi, mahema husimamishwa kwa mamia chini ya miti ya chuo, na vyakula hupangwa juu ya meza zenye vitambaa. Huko Tennessee, toka mwaka 1962, wengine huja kwa mashua wakazifunga mtoni karibu na uwanja. Katika chuo cha Texas A&M wanafunzi husimama muda wote wa mchezo, kwa kumbukumbu ya mwenzao mmoja ambaye mwaka 1922 alivaa nguo za mchezo akangoja pembeni, tayari kuingia iwapo wachezaji wangepungua. Na huko Iowa, toka mwaka 2017, robo ya kwanza ikiisha maelfu ya watu hugeuka wakawapungia mikono watoto wagonjwa walioko madirishani mwa hospitali iliyo jirani na uwanja.

Ndipo akaja bwana mpya. Tarehe 30 Septemba 1939 mchezo wa chuo ulionyeshwa katika televisheni kwa mara ya kwanza, mjini New York, kati ya Fordham na Waynesburg. Chama cha michezo ya vyuo, kiitwacho NCAA, kiliingiwa na hofu kwamba watu watabaki nyumbani na viti vitakuwa vitupu. Kwa hiyo toka mwaka 1951 kikaweka mipaka: michezo michache tu ionyeshwe, na chama chenyewe ndicho kiamue. Vyuo vikubwa vikachoka na amri hizo. Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia vilikwenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 7 dhidi ya 2, iliamua kwamba mipaka ile ilivunja sheria za biashara huru.

Vyuo vikashangilia uhuru. Lakini aliyeruka majivu alikanyaga moto. Kila chuo na kila shirikisho la vyuo viliuza michezo yao kwa vituo vya televisheni, na pamoja na mchezo vikaiuza saa. Kituo chataka mchezo asubuhi, mwingine alasiri, mwingine usiku, ili vioo visikae bure. Saa sita ya mchana mjini New York ni saa tano Chicago, na huko California ni saa tatu tu ya asubuhi. Kwa miaka mingi mashabiki walijulishwa saa siku 12 kabla ya mchezo, na mara nyingine siku 6 tu. Mzee akaaye mbali hajui kama atalala njiani au atarudi kwake. Mchoma nyama huwasha moto gizani, na mchezaji, ambaye ni mwanafunzi, hurejea bwenini alfajiri.

Hata hivyo, haki yataka tuseme na upande wa pili. Televisheni imempelekea mchezo mgonjwa kitandani, mlinzi kazini, na maskini asiyeweza kununua tikiti. Fedha zake zimejenga viwanja na kulipia michezo mingine isiyo na watazamaji wengi. Uwanja wa Michigan, wenye nafasi ya watu zaidi ya 100,000, ulijengwa mwaka 1927 na haukuwa na mchezo wa usiku hata mwaka 2011. Usiku ule wa kwanza watu zaidi ya 114,000 walihudhuria.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Mashabiki hawa hawakuiacha mila yao. Saa ilipohamishwa, waliihamisha karamu pamoja nayo. Lakini hawakuulizwa. Chuo ambacho mji mzima ulikiita chetu kilifanya mapatano bila mji kuwapo mezani. Kijana asomaye habari hizi na ayapime mapatano ya namna hiyo popote ayaonapo: fedha zilizopokewa huandikwa kitabuni, bali muda wa watu uliotolewa haukuandikwa na mtu.