Kutoka Idjwi hadi Brussels: Ayodini na ubongo wa mtoto aliye tumboni

Kwa zaidi ya nusu karne, madaktari wa mjini Brussels wamekuwa wakichunguza ni kitu gani kinachoujenga ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa, na ni kitu gani kinachouharibu. Sehemu kubwa ya jibu hawakuipata Ubelgiji, bali katika kisiwa kimoja cha Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo.



Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa mno. Inapofika wiki ya 34, uzito wake huwa ni karibu theluthi mbili tu ya ule utakaokuwapo wiki ya 40. Katika wiki hizo chache zinazobakia, mikunjo ya ubongo huongezeka na chembe zake huungana kwa wingi. Kazi hiyo yote huhitaji homoni inayotengenezwa na tezi ya shingo, nayo tezi haiwezi kuitengeneza homoni hiyo bila ayodini, ambayo wengi nchini Tanzania huijua kwa jina la madini joto. Katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama yake peke yake. Tangu katikati ya ujauzito, tezi yake mwenyewe huanza kufanya kazi, lakini ayodini yote anayoitumia hutoka kwa mama, kupitia kondo la nyuma.

Mama akikosa, mtoto naye hukosa. Upungufu ukiwa mkubwa, mtoto huweza kuzaliwa akiwa na udumavu wa mwili na akili usioweza kuponywa baadaye.

Hali hiyo ndiyo waliyoikuta watafiti wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels walipokwenda Kongo. Kwanza walifanya kazi katika eneo la Uele, kaskazini mwa nchi. Kisha, katika miaka ya 1960, daktari wa watoto François Delange na wenzake waligeukia kisiwa cha Idjwi, ng'ambo ya maji kutoka kituo cha utafiti cha Lwiro kilichojengwa na Wabelgiji zama za ukoloni. Ugonjwa wa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, ulikuwa umeenea mno kaskazini mwa kisiwa hicho. Kusini-magharibi, kinyume chake, ulikuwa nadra.

Hapo ndipo palipokuwa na fumbo. Vipimo vilionyesha kwamba ayodini ilikuwa haba kwa kiasi kile kile katika pande zote mbili. Mwaka 1968 watafiti hao walieleza kwamba upungufu wa ayodini huufungulia ugonjwa mlango, lakini peke yake hautoshi kueleza kila kitu. Kulikuwa na jambo la pili, nalo lilikuwa ndani ya chungu. Mwaka 1971 Delange na mwenzake André-Marie Ermans walionyesha kwamba muhogo ulikuwa na sehemu yake katika maradhi hayo.

Muhogo una chembechembe zinazotoa sianidi. Usipolowekwa na kuanikwa ipasavyo, sumu hiyo huingia mwilini, na mwili, katika kujikinga, huigeuza kuwa kitu kingine kiitwacho thiosianati. Kitu hicho huizuia tezi kuivuta ayodini kutoka katika damu. Mtu mwenye ayodini ya kutosha hastuki kwa hilo. Lakini kwa mwenye ayodini kidogo, hata kile kidogo alicho nacho hakimfai. Muhogo, basi, si adui. Ni chakula kilichowaokoa mamilioni ya watu na njaa. Kinachohitajika ni maandalizi mazuri na chumvi yenye ayodini.

Swali lililofuata lilikuwa: je, madhara haya yanaweza kuzuiwa, na kwa wakati gani? Huko Papua New Guinea, utafiti uliochapishwa mwaka 1971 ulionyesha kwamba sindano ya mafuta yenye ayodini huzuia udumavu huo iwapo mama ataipata kabla ya kushika mimba. Katika eneo la Ubangi, kaskazini-magharibi mwa Kongo, kundi la Claude Thilly kutoka Brussels liliwapa wajawazito sindano kama hiyo. Watoto wao walizaliwa na uzito bora na kukua vizuri zaidi kiakili kuliko watoto wa kina mama ambao hawakuipata. Kwa hiyo kuwahi ni bora zaidi, lakini hata ujauzito ukiwa umeendelea, msaada bado una faida.

Yaliyogunduliwa Kongo yaliwafanya madaktari hao watazame upya nyumbani kwao. Delange na wenzake waligundua kwamba tezi za watoto wachanga wa Brussels zilikuwa na ayodini chini ya theluthi moja ya ile iliyopatikana kwa wenzao wa Toronto, nchini Kanada. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati ndio waliokuwa hatarini zaidi, kwani tezi zao zilidhoofika katika siku ambazo ubongo wao ulizihitaji mno. Mwaka 1990, Daniel Glinoer wa Hospitali ya Saint-Pierre alichapisha uchunguzi wa wajawazito 606 wa jiji hilo. Ulionyesha jinsi ujauzito unavyoilemea tezi ya mwanamke asiyepata ayodini ya kutosha, hata akiwa na afya njema na akiishi katika nchi tajiri.

Hata hivyo, sera ilichelewa kufuata maarifa. Ni mwaka 2009 tu ambapo serikali ya Ubelgiji ilikubaliana na waokaji mikate watumie chumvi yenye ayodini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 na 2011 ulionyesha kwamba watoto wa shule walikuwa na ayodini ya kutosha, lakini wajawazito walikuwa bado chini ya kiwango kinachotakiwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 250 kwa siku kwa mjamzito, dhidi ya 150 kwa mtu mzima mwingine.

Delange aliaga dunia mwaka 2007, baada ya kuliongoza baraza la kimataifa lililopambana na upungufu huo. Jina lake limeandikwa vitabuni. Kina mama wa Idjwi na Ubangi, waliotoa damu na mkojo wao ili vipimwe, hawakutajwa. Lakini mwanamke wa Brussels anayeambiwa leo na mkunga wake ale chumvi yenye ayodini, ananufaika na elimu iliyoanzia kwao. Deni hilo halilipwi kwa shukrani tu. Hulipwa kwa kuhakikisha kwamba chumvi hiyo hiyo haikosekani katika chungu cha mjamzito wa Kivu.