Hadithi Iliyompa Tippu Tip Utetera

Wanaofundisha uongozi siku hizi hupenda kusema kwamba kiongozi asiyejua kusimulia hapati wafuasi. Kauli hiyo ina ukweli, ila husemwa kwa wepisi mno, kana kwamba hadithi ni pambo la hotuba, la kuwachangamsha watu asubuhi kabla hawajashika kazi. Historia ya Kasongo na Kabambare, miji ya kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, inatufundisha jambo zito zaidi. Hadithi ya kiongozi hushika pale inapompa msikilizaji nafasi ndani yake, na ikishashika, humfunga msimulizi mwenyewe: huwa deni atakalodaiwa.

Msafiri David Livingstone alipofika Bambarre, yaani Kabambare ya leo, Septemba 1869, wafanyabiashara wa Ujiji na Pwani walikuwa wamekwisha kuingia Manyema, kama Maniema ilivyoitwa wakati ule, wakifuata pembe za ndovu. Bunduki walikuwa nazo. Lakini nchi anayoieleza katika shajara yake haina mfalme mmoja: kila kijiji kina mkuu wake, na majirani hawaaminiani. Mgeni mwenye silaha alilazimika kupatana au kupigana kijiji baada ya kijiji, na ushindi wa hapa haukumfaa kitu pale. Nyangwe, soko la kando ya mto Lualaba, ndiyo ushahidi mchungu kuliko wote. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara waliwamiminia risasi waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, na wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliopotea walikuwa kati ya 330 na 400. Kama bunduki peke yake ingekuwa inajenga utawala, Nyangwe ingekuwa makao ya dola siku ile. Ilibaki soko, tena soko lenye hofu.

Miaka michache baadaye mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, alipata kwa maneno kile ambacho wenzake wa Nyangwe hawakukipata kwa baruti. Habari zenyewe zimo katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili uzeeni, yakachapishwa Berlin mnamo 1902 na 1903 kwa juhudi za Mjerumani Heinrich Brode. Akiwa safarini alisikia juu ya Kasongo Rushie, mtawala wa Utetera, mzee ambaye dada zake walitekwa zamani na Warua, watu wa nchi ya Urua, na hawakurudi tena. Babu yake Tippu Tip, mzaa mama, aliwahi kufika Urua. Basi Tippu Tip akaiunganisha habari moja na nyingine: mmoja wa wale dada aliolewa na babu yake, akamzaa mama yake, na yeye ndiye mjukuu aliyerudi nyumbani. Mzee akampokea kama damu yake na kumkabidhi nchi. Tangu hapo watu walimletea pembe kwa kuwa ni haki ya mtawala, na mashauri yao wakayaleta barazani kwake. Hata alipoweka makao yake Kasongo, ule mji ambao mahame yake huitwa Tongoni, nyuma yake ilikuwapo nchi iliyomtambua kama mtu wa ukoo.

Msomaji mwenye shaka atasema kwamba hila ile ilisimama kwa sababu nyuma yake palikuwa na bunduki. Sikatai. Tippu Tip hakuwa mtu wa maneno matupu, na njia yake imejaa vijiji vilivyochomwa na watu waliofungwa minyororo. Lakini bunduki za Nyangwe nazo zilikuwapo, hazikuzaa utii wa namna hii. Silaha iliwafanya watu wa Utetera wamwogope. Hadithi iliwapa sababu ya kumtii bila kujiona wameshindwa. Wengine watauliza kama tunaweza kumwamini shahidi anayejisifu. Katika kila tarakimu na kila vita, hapana. Hata hivyo, mtu wa nasaba kubwa ya Kiarabu aliyekuwa anajieleza Unguja hakuwa na faida yoyote kuzua kwamba aliwahi kudai bibi aliyetekwa bara, wala kuwaonyesha wasomaji jinsi alivyozipata habari za dada wale kabla ya kudai undugu. Anatuachia tuhukumu wenyewe, na hukumu ya wengi ni kwamba dai lilitokea kweli, ila undugu wenyewe aliutunga. Kwangu mimi hoja nzito iko kwa Kasongo Rushie. Yule mzee hakuwa mjinga. Alihitaji mrithi mwenye nguvu, na hadithi ile ilimwezesha kumpata bila kuitoa nchi kwa mgeni.

Hapo ndipo deni linapoanza. Utawala wa Tippu Tip mjini Kasongo ulikuwa na simulizi ya pili, pana kuliko ile ya ukoo. Kijana aliyetekwa angeweza kuvaa kanzu, kusema Kiswahili, kusilimu, kushika bunduki na kuwa mwungwana mwenye watu wake. Ngongo Lutete ndiye aliyeiishi simulizi hiyo kuliko wote: alichukuliwa mtumwa akiwa mtoto, akapanda hadi kuwa jemadari wa maelfu upande wa mto Lomami. Lakini Tippu Tip, aliyefanywa wali wa Stanley Falls kwa mkataba wa 1887 na Mfalme Leopold, aliondoka kurudi Unguja mnamo 1890. Aliyebaki ni mwanawe Sefu, mwenye jina na bunduki, asiye na kitu kipya cha kumwahidi mtu kama Ngongo. Mwaka 1892, baada ya kupigwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, dola ya Leopold, Ngongo alihamia kwao pamoja na wapiganaji wake. Kasongo ilitekwa tarehe 22 Aprili 1893, Sefu akafa kabla mwaka haujaisha, na Kabambare ikaangukia mikononi mwa Dola Januari 1894. Mji uliojengwa kwa kudai undugu uliangushwa, kwa sehemu kubwa, na watu waliolelewa ndani ya undugu ule.

Bula Matari, kama watu walivyowaita wakuu wa Dola, hawakujifunza chochote. Septemba 1893 maofisa wao walimshtaki Ngongo kwa uhaini na kumpiga risasi, mtu aliyewafungulia njia ya Lualaba. Askari wake waliingizwa katika jeshi la Dola, na habari za kifo chake wakaenda nazo kambini. Walipoasi Luluabourg mnamo 1895, kisasi cha Ngongo kilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Ni kweli kwamba viboko na mishahara isiyolipwa vinatosha kuwafanya askari waasi, na uasi mkubwa wa 1897 katika msafara wa Dhanis, ofisa wa Dola, ulianza kwa njaa na uchovu wa safari. Lakini askari wenye njaa mara nyingi hutoroka mmoja mmoja. Waasi wa 1897 walikaa pamoja, wakashuka kusini wakipigana, na mnamo 1898 wakaiteka Kabambare. Dola ikawaita wote Batetela, yaani watu wa Utetera, ingawa wengi wao walikuwa Wasongye, Wakusu na wengineo. Jina hilo likaingia katika vitabu na halijatoka hadi leo. Lilimsaidia mtawala kuandika uasi ule kama tabia ya kabila moja, na kuifuta kesi ya Ngongo katika maelezo yake.