Rehani Isiyo na Benki: Uuzaji wa Nyumba za Serikali kwa Wapangaji na Hali ya Kisiwa cha Mafia

Uamuzi wa Serikali ya Awamu ya Tatu wa kuwauzia watumishi wa umma nyumba walizokuwa wakipanga, ulioanza kutekelezwa mwaka 2002, umejadiliwa zaidi kama suala la maadili: nani aliuziwa, na kwa bei gani. Swali la fedha limeachwa nyuma. Mtumishi asiye na akiba aliwezaje kununua nyumba katika nchi ambayo wakati huo takriban haikuwa na mikopo ya nyumba?

Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ilianguka mwaka 1995 ikiwa imelemewa na madeni yasiyolipika. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliitambua rehani, lakini mabenki yaliona inambana mno mkopeshaji, nayo ikarekebishwa mwaka 2004. Sheria mahususi ya mikopo ya nyumba, pamoja na ile iliyoruhusu fleti moja ndani ya jengo kuwa na hati yake, zilipitishwa mwaka 2008. Uuzaji wa nyumba za Serikali uliangukia katikati ya pengo hilo. Kwa hiyo Serikali ilikuwa muuzaji na mkopeshaji kwa wakati mmoja: mpangaji alilipa kidogo kidogo kwa muda wa miaka kumi, akifungwa na sharti la kutoiuza nyumba kwa miaka 25. Dhamana halisi ilikuwa ajira yake. Usimamizi ulikuwa chini ya Wizara ya Ujenzi, iliyoongozwa na John Magufuli, na Wakala wa Majengo ulioanzishwa mwaka huohuo wa 2002. Nyumba zilizouzwa nchi nzima zilizidi 7,000.

Uzito wa jambo hili huonekana vyema zaidi mahali kama Mafia kuliko Dar es Salaam. Makao ya utawala yalihamishwa kutoka Chole kwenda Kilindoni mwishoni mwa enzi ya Wajerumani, na tangu hapo Kilindoni umekuwa mji wa boma, wenye watumishi wanaoletwa na barua ya uhamisho na kuondoka kwa barua nyingine. Kwa mtumishi wa namna hiyo, kota haikuwa mali. Ilikuwa sehemu ya cheo. Wenyeji walikuwa na hesabu nyingine. Huko mnazi na ardhi unaposimama vinaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti, na utajiri wa mtu ulihesabiwa kwa minazi yake. Katika mwambao wa Waswahili mti huo uliweza kuwekwa rehani kwa mkopeshaji bila kiwanja kuguswa. Rehani, basi, haikuwa neno geni lililoletwa na benki. Kilichokuwa kigeni ni hati ya kiwanja kilichopimwa, ambayo mwenye shamba katika ardhi ya kijiji kwa kawaida hakuwa nayo.

Ndiyo maana ni vigumu kukubali kwamba sera ya 2002 ilipanua umiliki wa nyumba kwa wananchi kwa jumla. Ilifuata ajira, si ukaazi. Katika mji mdogo wa wilaya, mwalimu aliyepanga chumba kwa mtu binafsi na mvuvi mwenye minazi mia walibaki nje ya mlango uleule, ilhali mpangaji wa Serikali aliingia bila kuonyesha hati wala kuthaminiwa na benki yoyote. Watetezi wa sera walisema kwamba Serikali ilikuwa ikijitua mzigo wa matengenezo, na hoja hiyo ina nguvu, hasa pwani, ambako chumvi hula mabati na nondo. Hata hivyo, mzigo huo haukutoweka. Nyumba ikishauzwa haimsubiri tena mrithi wa cheo. Kila uhamisho uliofuata ulimtaka mgeni atafute pa kupanga katika mji wenye nyumba chache, au Serikali ijenge upya, kwa gharama mpya, kile ilichokwisha kukiuza.