Nani Hutunza Karatasi za Mwandishi? Barua za Shaaban Robert, Majalada ya Erica Fiah na Nyaraka Binafsi za Dar es Salaam

Utangulizi

Historia ya fasihi ya Kiswahili imeandikwa zaidi kutokana na vitabu vilivyochapishwa kuliko kutokana na karatasi zilizovitangulia. Barua, miswada na daftari za waandishi hutajwa pembezoni, kana kwamba ni mabaki ya kazi na si sehemu ya kazi yenyewe. Makala haya yanalinganisha nyaraka za watu wawili walioandika katika Tanganyika ya kikoloni: Shaaban Robert (1909–1962), mshairi na mwandishi wa nathari, na Erica Fiah, mhariri wa gazeti la Kwetu. Hoja inayojengwa ni kwamba anayetunza karatasi ndiye huamua, kwa kiasi kikubwa, ni mwandishi wa namna gani atakayewafikia wasomi wa baadaye.

Barua zilizotunzwa na ndugu

Barua za Kiswahili ziliingia mapema katika taaluma, lakini ziliingia kama vielelezo vya lugha. Mkusanyo wa C. G. Büttner wa mwaka 1892, wenye maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, uliwasaidia wasomaji wa Kijerumani kujifunza lugha na hati. Waandishi wa barua hizo hawakuwa lengo la uchunguzi.

Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha mkusanyo wa aina nyingine: Barua za Shaaban Robert 1931–1958, uliohaririwa na M. M. Mulokozi. Barua hizo aliandikiwa Yusuf Ulenge, ndugu yake Shaaban Robert, naye ndiye aliyezitunza. Zimeenea katika miaka 27 ambayo mwandishi alikuwa karani wa serikali, kwanza katika forodha na baadaye katika idara nyingine. Ndiyo miaka iliyozaa Maisha Yangu (1949) na Kusadikika (1951), zilizotolewa na Nelson, pamoja na Pambo la Lugha, iliyotolewa na Witwatersrand University Press ya Johannesburg.

Thamani ya barua hizo huonekana zinaposomwa sambamba na Maisha Yangu. Tawasifu huwasemesha wasomaji wasiojulikana; mwandishi huchagua tukio, hulisafisha, kisha hulitolea funzo. Barua humsemesha mtu mmoja anayeijua nyumba, madeni na wagonjwa wake. Tena barua hubeba tarehe. Kwa msaada wake mtafiti anaweza kuiweka kazi ya sanaa ndani ya ratiba ya ajira na majukumu ya familia, badala ya kuichukulia kama sauti ya hekima isiyo na wakati wala mahali.

Hata hivyo, mkusanyo unaotokana na mpokeaji una mipaka. Huleta sauti ya upande mmoja, nao hutuonyesha mwandishi kama ndugu kabla ya kutuonyesha kama mfanyakazi mwenza, mpinzani au mteja wa wachapishaji. Udugu umeziokoa barua, na udugu huohuo umeiwekea mipaka picha tunayoipata.

Barua zilizotunzwa na serikali

Hali ya Fiah ni kinyume chake. Mganda huyu mwenye duka jijini Dar es Salaam alianzisha Kwetu mwaka 1937, nalo likaendelea hadi mwaka 1951. Lilikuwa gazeti la Kiswahili lililomilikiwa na Mwafrika wakati ambapo Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa mali ya serikali. Nicholas Westcott, katika makala yake ya mwaka 1981 kuhusu maisha ya Fiah, na James R. Brennan, katika kitabu chake Taifa (2012), wameonyesha nafasi ya mhariri huyo katika siasa za mji.

Chanzo muhimu cha kumjua Fiah, mbali na gazeti lenyewe, ni majalada ya Sekretarieti ya kikoloni yaliyomo katika Nyaraka za Taifa. Humo, barua ya mhariri hukaa kati ya maoni ya maofisa waliokuwa wakipima kama ajibiwe au apuuzwe. Hivyo Fiah anayetufikia ni mlalamikaji. Fiah aliyewaandikia jamaa zake, aliyehesabu gharama za karatasi na wino, haonekani kwa urahisi, kwa sababu serikali haikuwa na haja ya kumhifadhi.

Kinondoni na Temeke

Baada ya uhuru mji ulipanuka nje ya kitovu ambamo Kwetu lilihaririwa, na uandishi ukapanuka pamoja nao. Kilizuka kizazi cha watu waliounganisha riwaya na uanahabari, Ben R. Mtobwa (1958–2008), mtunzi, mwanahabari na mchapishaji, ni mfano unaojulikana. Kizazi hiki hakikuwa na serikali ya kikoloni ya kuzifungulia jalada barua zake. Sheria ya mwaka 2002 kuhusu kumbukumbu na nyaraka inashughulikia hasa kumbukumbu za umma. Karatasi za mtu binafsi hutegemea hiari ya warithi. Katika nyumba za Kinondoni na Temeke, mirathi hugawa vyumba na samani. Masanduku ya karatasi huachiwa unyevu wa pwani na mchwa.

Mfano wa TUKI unaonyesha kwamba njia ipo. Barua za Shaaban Robert ziliokolewa kwa sababu familia na taasisi ya Mlimani, eneo lililokuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni kabla ya Ubungo kuwa wilaya, ziliaminiana. Uaminifu huo una masharti: warithi wabaki na haki zao, mambo ya faragha ya walio hai yalindwe, na nakala zirudi nyumbani zilikotoka.

Hitimisho

Shaaban Robert alibaki kama ndugu kwa sababu ndugu alitunza. Fiah alibaki kama mlalamikaji kwa sababu ofisi ilitunza. Waandishi wa Dar es Salaam waliofuata wanaweza kubaki kama majina juu ya majalada ya vitabu tu, iwapo wasomi watangoja karatasi ziwafuate maktabani. Kazi ya mhakiki, kwa hiyo, huanza kabla ya uhakiki: huanza mlangoni pa warithi, kwa hodi.