Nenosiri Lisilo Neno

Nenosiri limebuniwa vizuri. Mwanafunzi wa darasa la tano akilisikia mara ya kwanza hahitaji kamusi: ni neno, na ni siri. Mshindani wake, nywila, ni tamu zaidi mdomoni na mimi nalipenda, ila halijielezi, mpaka ufundishwe. Sishangai nenosiri limeshika simu na kompyuta, nywila likabaki zaidi kwetu wapenda lugha.

Lakini nenosiri lina tundu, na matapeli wamelipata. Ukijisajili WhatsApp kwenye simu mpya, unatumiwa ujumbe wenye tarakimu 6, na anayezijua anaweza kuichukua akaunti. Zinaitwaje tarakimu hizo? Msimbo wa uthibitishaji, wanasema watafsiri. Sijasikia mtu akisema hivyo bwenini. Wengine husema kodi, wengi hawana jina lolote. Tapeli naye hajisumbui na istilahi. Anaandika tu: "Mdogo wangu samahani, kuna namba zimeingia kwako kimakosa, naomba unisomee." Namba zimeingia! Kiswahili laini kabisa, kisicho na harufu ya hatari. Mtoto aliyekatazwa kutoa nenosiri anatazama kioo cha simu: haoni neno, wala hakuambiwa hiyo nayo ni siri. Anasoma. Muda si mrefu akaunti yake inawaomba shangazi na wajomba mkopo wa haraka.

Dawa ipo nyumbani. Pesa za simu zimetuzoesha namba ya siri, na hata bibi asiyejua kusoma anajua haitajwi kwa mtu. Mwalimu akiziita zile tarakimu 6 "namba ya siri ya mara moja" amemaliza nusu ya somo. Msimbo ubaki kwenye mtihani.

Ukiacha majina, kitenzi kinachonikera zaidi ni kushea. Kina sura ya ukarimu, kama watoto wanaogawana muhogo wakati wa mapumziko. Anayegawa muhogo hubaki na kipande kidogo. Anayeshea picha ya mwenzake hapungukiwi na chochote, anayepungukiwa ni yule wa pichani. Kiswahili kina kusambaza, kitenzi tunachokitumia hata kwa uvumi na maradhi. Mwanafunzi akisema "nimeshea tu", mwambie arudie kwa kusema "nimesambaza", uone kama ile "tu" itakaa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta na mtandao haina "tu" hiyo: kusambaza picha ya faragha ya mtu mwingine ni kosa, na anayeipitisha hasalimiki kwa kuwa si yeye aliyeipiga.

Halafu kuna vionyeshi, vitu vidogo visivyoingia kwenye orodha yoyote ya istilahi. Sikiliza wazazi na walimu: "Huko mitandaoni kuna mambo." Sikiliza vijana wenyewe: "Humu grupuni leo mumechangamka." Mkubwa anasema huko, yaani mbali, mahali ambapo mtoto akikatazwa hataenda. Kijana anasema humu, kwa sababu yumo ndani tayari, pamoja na darasa lake zima. Wote wawili wana sarufi sahihi, na ndiyo sababu maonyo mengi hupita juu ya vichwa: mtu hawezi kukatazwa kwenda alipo.

Ningekuwa na kipindi kimoja tu cha dakika 40, ningeacha "usalama wa mtandao" ubaoni nikae na wanafunzi humo walimo. Ningeanza na swali: humu grupuni mwenu, nani kamwingiza nani, na nani aliulizwa? Kisha kila mwenye simu afungue mipangilio ya WhatsApp, atafute faragha, aende kwenye makundi, atusomee kwa sauti simu yake inamruhusu nani kumwongeza. Wengi watakuta imeandikwa: kila mtu.